Saa tatu na nusu kwenye barabara ya A1

Kampuni iliyotukodisha gari ilitutoza pauni 60 za mchanga. Si mkwaruzo, si kioo kilichopasuka. Mchanga. Ulikuwa kwenye zulia la miguuni, kwenye mfuko wa mlango, na mwingine umegandia matairi pamoja na chumvi yake. Kijana wa kaunta alipiga picha tano kwa simu, akabonyezabonyeza, akatabasamu, na pesa ikakatwa kwenye kadi ya mpwa wangu kabla hatujaufikia mlango. Mimi nimeendesha mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha miaka kumi na minane. Nimesafisha matapishi, manyoya ya kuku, hata dumu la samli lililopasukia Mombo mchana wa jua kali, na sijawahi kumtoza abiria mchanga. Kwa hiyo nasimulia safari hii kinyongo bado kipo, mniwie radhi.

Dada yangu ni muuguzi London, miaka mingi sasa. Mwanawe kapata kazi Edinburgh, na mimi Julai hiyo nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Kijana ana vitabu, sufuria, baiskeli, na godoro ambalo mama yake aliapa haliachwi. Basi akakodi gari dogo la mizigo, lile la mlango wa kusukuma pembeni, akaniambia: "Mjomba, twende wote. Ni barabara moja tu. Unaanza na A1, unamaliza na A1." Kilomita kama 660, na katika barabara zote zenye namba Uingereza hakuna iliyo ndefu kuliko hiyo. Dereva mstaafu gani angekataa?

Nilitaka usukani. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kule kwa leseni ya kwao hadi mwaka mmoja, nilishauliza mapema. Lakini bima ya kuniongeza mimi, kwa siku mbili tu, ilitajwa bei ambayo Pangani ungepata mbuzi wawili na beberu wa nyongeza. Nikasema yaishe. Nikakaa kiti cha konda.

Tulianzia pale inapoanzia yenyewe, mtaa wa St Martin's Le Grand, hatua chache kutoka kanisa kuu la St Paul's. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, na alfajiri ile haikuwa ya kupenda: kuingia na gari katikati ya London kuna kodi ya msongamano, na Jumamosi inaanza kuhesabiwa saa sita mchana, kwa hiyo mwenye akili anapita kabla. Nilitegemea kuona jiwe, bango, kitu cha kumwambia mtu kwamba hapa ndipo mwanzo wa A1. Sikuona. Kituo cha basi, pipa la taka, njiwa. Mpwa wangu akanieleza kwamba Posta Kuu ilikuwa mtaa huu tangu 1829, na magari ya farasi ya barua yalikuwa yakiondokea hapa kwenda kaskazini usiku. Hapo nikaridhika. Kumbe ni stendi.

Namba zenyewe walizipa miaka ya 1920. Wakaichukua ile ya Edinburgh, wakaiita A1, kisha wakazunguka London kama mshale wa saa: A2 ya Dover, A3 ya Portsmouth, A4 ya Bath, A5 ya Holyhead, A6 ya Carlisle. Ukijua hilo, ramani yao yote inasomeka. Niliipenda hiyo hesabu ya saa. Laiti ningejua kwamba kuna saa nyingine inanisubiri mbele.

Siku ya kwanza sina mengi. Islington, Holloway, taa nyekundu na taa nyekundu, kisha barabara inafunguka na kuanza michezo yake. Mara ni A1 ya kawaida, mabango ya kijani, nyumba za watu zimefungua mageti barabarani. Mara imeongezewa M kwenye mabano, mabango yanageuka bluu, na ghafla ni motawei: trekta marufuku, baiskeli marufuku, anayejifunza gari asionekane bila mwalimu wake. Ukishazoea, M inaondoka, unarudi kwenye kipilefti. Nilihesabu vipande vinne vya M hadi karibu na Newcastle. Kwetu barabara ikianza kuwa nzuri unajua mkandarasi alipoishia pesa. Kule nilishindwa kujua nani aliishiwa nini.

Trafiki hatukumwona hata mmoja. Kazi yote ya tochi inafanywa na sanduku la njano juu ya mlingoti, na madereva wanalijua: wanakwenda maili 80, wakilikaribia wanashuka 70 kwa adabu ya msikitini, wakilipita wanarudi 80. Hilo tu ndilo lilinifanya nijione niko nyumbani.

Na tuseme ukweli kuhusu vituo vyao vya kupumzikia. Konda wangu alikuwa akitangaza "dakika kumi, kuchimba dawa!" na watu wanashuka, wanamaliza haja zao, wanarudi na machungwa, korosho, mahindi ya kuchoma, na chenji inabaki. Kule choo ni bure, nakiri, na kinang'aa. Lakini chai ya majani ya mfuko, kikombe cha karatasi, pauni tatu na nusu. Mafuta ya gari lita moja ilizidi bei ya mjini kwa zaidi ya peni 20, kwa sababu wanajua umeshakwama huna pa kwenda. Na ubao unakuonya: egesha bure saa mbili, zikizidi unalipa. Abiria kulala kwenye gari bovu hadi fundi afike, jambo tuliloliita "kawaida", kule lingekufilisi. Sambusa za dada zilituokoa, ila tulizimaliza zote kabla ya Peterborough, na hilo nalo litakuja kutugharimu.

Kitu kimoja kilichonishika njiani ni miji waliyoiacha pembeni. Hii barabara zamani iliitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, na ilikuwa ikipita katikati ya kila mji: Stamford, Grantham, Newark, Doncaster. Kisha wakaanza kuizungusha nje. Stamford ilizungukwa 1960, Doncaster 1961. Tulichepuka Stilton kunyoosha miguu. Kijiji kimetulia, barabara yake pana kama uwanja, nyumba ya wageni ya zamani ya mawe bado ipo, Bell Inn, ambako wasafiri wa magari ya farasi walikuwa wakinunua jibini mpaka jibini lenyewe likapata jina la kijiji. Mpwa wangu akasoma kwenye simu, akacheka peke yake: kisheria jibini la Stilton haliruhusiwi kutengenezwa Stilton. Ni lazima litoke Derbyshire, Leicestershire au Nottinghamshire, na Stilton haimo. Fikiria uambiwe chungwa la Muheza likitoka Muheza ni bandia.

Nilisimama kwenye barabara ile pana isiyo na magari nikaifikiria Segera. Watu wangapi wanakula kwa sababu basi linasimama pale dakika kumi? Mama mwenye mayai ya kuchemsha, vijana wa maji, mwenye choo. Siku mtu atakapochora mstari mwingine kwenye ramani, Segera itapata utulivu kama huu, na sidhani kama kuna jibini litakalobaki na jina lake.

Kuanzia London mabango yanaandika "The NORTH" kwa herufi kubwa, bila jina la mji. Kaskazini, basi. Mtu wa pwani ukimwambia kaskazini anasikia kaskazi, upepo wa joto, majahazi ya Waarabu, embe. Kule kila tulivyozidi kuifuata hiyo North ndivyo nilivyozidi kufunga zipu. Julai!

Jioni tukamfikia Malaika wa Kaskazini, lile sanamu la Gateshead, juu ya kilima pembeni ya barabara. Wamemsimamisha 1998, kazi ya Antony Gormley: chuma tani 200, urefu mita 20, mabawa mita 54 kutoka ncha hadi ncha, mapana kuliko basi nne zilizofuatana. Chini ya miguu yake palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Nililigusa. Limeota kutu, na kutu hiyo ni ya makusudi. Chuma chenyewe kimetengenezwa kiote kutu ya juu ili isiingie ndani. Pauni 800,000. Kwetu Pangani kutu inakula bati, inakula baiskeli, inakula bawaba za milango, na hakuna aliyewahi kutulipa. Tulilala karibu na hapo, chumba cha vitanda viwili chenye dirisha lisilofunguka, na bei yake sitaitaja kwa sababu dada yangu atasoma.

Sasa Lindisfarne.

Ukitoka Newcastle kwenda juu, baada ya Morpeth, ile barabara kubwa ya taifa inapungua ghafla. Sehemu nyingi ni njia moja huku na moja kule, trekta mbele, foleni nyuma, na dereva mwenye haraka anachungulia kama nyoka. Mpango wa kuipanua mpaka Ellingham serikali iliufuta 2024. Hapo dereva wa Segera ndani yangu akaamka. Nilimwelekeza kijana kila mahali pa kupita, naye hakunisikiliza hata mara moja. Mbele kidogo kuna njia ya kukata kulia, Beal, kwenda kisiwani. Kisiwa kinaitwa Lindisfarne, wenyewe wanasema Kisiwa Kitakatifu, kwa sababu ya watawa waliofika 635 na Mtakatifu Aidan. Mwaka 793 majambazi wa baharini kutoka Skandinavia walishuka hapo wakaua na kupora. Lakini kilichonivuta si watawa. Kijana aliniambia: "Barabara yake inazama, Mjomba. Maji yakijaa, hakuna barabara."

Mtu wa Pangani utamwambia hivyo asiende?

Tulifika Beal saa tano asubuhi. Mbele yetu uwanja wa matope na mchanga, maji yamepwa yamekwenda mbali, harufu ile ile ya Bweni, ng'ambo ya mto kwetu Pangani, asubuhi ya maji mafu, ila bila mikoko. Barabara ya lami imenyooka katikati yake, mwani umelala kwenye kingo. Mwanzoni upo ubao wa saa za usalama. Kijana akashuka, akausoma, akapanda akaniambia: "Mwisho wa kutoka ni saa tatu na nusu."

Nikafikiri kidogo. Jua la Julai kule linazama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Nikajiambia, sawa, wanafunga barabara na Magharibi. Inaingia akilini.

Haikuniingia vizuri, na hili ndilo linaloniuma. Mwezi mwandamo ulikuwa na siku tano; niliuona mchana ule, kipande cheupe juu ya bahari. Baba yangu alikuwa mvuvi. Alinifundisha kabla sijajua kusoma: mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa alasiri, kila siku yanachelewa kidogo, mwezi wa siku tano maji yanajaa jioni, Magharibi. Kama yanajaa Magharibi, barabara itakuwaje salama Magharibi hiyo hiyo? Tena kupwa mpaka kujaa ni saa sita na kidogo. Tulivuka saa tano asubuhi, mpaka saa tatu usiku ni saa kumi. Hakuna bahari duniani inayongoja watalii saa kumi. Haya yote niliyajua. Nikayaweka pembeni, nikasema hii ni Ulaya, wana ubao, serikali imeandika. Sikudhani hesabu ya Pangani inashika na huku.

Inashika.

Tuliegesha kijijini. Kijana alikuwa ameendesha tangu London na usiku hakulala kwa sababu ya dirisha. Akafungua mlango wa pembeni, akajinyoosha juu ya lile godoro la mama yake kati ya sufuria na baiskeli, akasema: "Mjomba, wewe tembea. Niamshe mapema, kabla ya saa tatu na nusu." Nikamwambia lala, baba, saa tatu na nusu bado sana.

Nikatembea kama mfalme. Magofu ya nyumba ya watawa nikayaona kwa juu ya ukuta, maana kiingilio kilinikumbusha bima. Mawe mekundu yamelika na upepo hadi yana vishimo kama sega la nyuki. Nikaikumbuka Tongoni, msikiti wetu ule na makaburi yake njiani kwenda Tanga, ambao nimeupita kwa basi mara elfu na sijashuka zaidi ya mara mbili. Nimeruka bahari kuja kuchungulia magofu ya watu.

Bandarini nilikaa muda mrefu zaidi. Wana mashua kuukuu za kuvulia heringi, wamezikata katikati, wakazipindua kifudifudi, wakaziwekea mlango na kufuli. Ndiyo maghala yao ya nyavu. Pembeni yamepangwa madema ya kaa na kambakoche. La kwetu ni la fito zilizosukwa, la kwao ni fremu ya chuma na wavu wa nailoni, mpira wa gari la zamani umefungwa kwenye kingo lisisagike mwambani. Lakini ule mlango wa koni, ule wa kuingia kwa urahisi na kutotoka, ni ule ule. Niliingiza mkono wangu mpaka kiwiko, nikautoa ukakwaruzwa pale pale ambapo dema la baba lilikuwa likinikwaruza. Nikaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja nyuma ya ngome, juu ya nyasi za mchanga, sina haraka na dunia.

Nikaanza kuona mambo. Magari yanaondoka, yote, yamefuatana kama msafara wa harusi. Duka la aiskrimu linafunga. Nikanunua chai mbili za mwisho, muuzaji akanitazama akaniuliza kama nimepanga chumba kisiwani. Nikamwambia hapana, narudi leo. Akaniangalia tena. Nikafikiri ni ile kawaida ya kututazama.

Nilifika kwenye gari saa kumi na dakika kumi alasiri. Uwanja mzima wa maegesho umebaki na gari letu na shakwe watatu. Kijana akafumbua macho, akapokea chai, akatazama simu yake. Chai ikamwagika kwenye godoro.

"Mjomba! Nilikwambia saa tatu na nusu!"

"Ndiyo. Bado saa tano na zaidi."

"Imepita! Ilikuwa saa tatu na nusu!"

"Saa tatu na nusu ya asubuhi? Hatukuwa hata tumefika!"

Tukatazamana. Nadhani yeye alielewa kwanza, au labda tulielewa pamoja. Kijana huyu amekua London. Kiswahili chake kizuri, cha mama yake, anakujua kusema shikamoo, anakujua kutania. Lakini saa anaihesabu kama walivyomfundisha shule: ubao umeandika 15:30, yeye anasoma tatu na nusu. Saa tisa na nusu alasiri, Waswahili. Tisa na nusu!

Akaruka kwenye usukani. "Labda tutawahi." Tukapita vilima vya mchanga mbio, tukateremka kwenye uwanda, na pale barabara ikatuishia. Haikukatika. Iliingia tu ndani ya maji taratibu, mstari mweupe wa katikati ukionekana chini yake kwa hatua kama kumi, kisha haukuonekana tena. Kwa mbali, upande wa bara, kile kibanda chao cha kujiokolea juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi, kama dungu la kulindia mpunga. Kimewekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Wanapanda, wanakaa, wanalitazama gari lao likizama mpaka boti ya uokoaji ije.

"Ni kina kidogo," kijana akasema. Akaanza kuingia.

Sikutazama kina. Nilitazama mwani. Mwani ulikuwa umelazwa wote upande mmoja, unatetemeka, na povu lilikuwa linakwenda kwa kasi ya mtu anayekimbia kukatiza barabara. Huo ni mkondo. Maji ya magoti yaliyosimama unavuka. Maji ya kifundo yenye mkondo yanakuchukua. Nilimshika mkono kwenye usukani, jambo ambalo kwa miaka kumi na minane ningemfukuzia kazi konda yeyote. "Simama. Rudi nyuma. Sasa hivi." Alirudi nyuma, tairi moja ikatoka kwenye lami ikachimba mchanga, ikazunguka bure, ikarusha matope hadi kwenye kioo. Nikashuka kusukuma, maji yameshanifika kwenye viatu, baridi yake kama kisu. Likatoka. Mimi nikaingia na mchanga wangu. Hizo ndizo pauni 60.

Ubao wa kijijini ukatuambia usalama unarudi 22:35. Safari hii tuliusoma wote wawili, kwa sauti, kwa saa zote mbili.

Mzee mmoja alipita na mbwa wake. Akatazama matairi, hakuhitaji kuuliza mengi. "Hamkusoma ubao?" Nikamwambia tulisoma. Nikamweleza: kwetu siku inaanza jua likichomoza, saa moja ni moja baada ya hapo, yetu ya tisa alasiri nyie mnaiita tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akakohoa. Akasema visingizio vya wageni anavijua vyote, cha saa ya jua hajawahi kukisikia. Akatuonyesha bomba la maji lilipo, akamwita mbwa wake, akaenda zake nyumbani kula.

Tulikaa na njaa. Vyumba viwili vitatu tulivyouliza vilikuwa vimejaa, au bei yake ilikuwa imejaa. Tulikuwa na tende nne na biskuti. Kijana alikasirika kidogo juu ya yule mzee, akasema huko kwetu mgeni aliyekwama angekaribishwa. Nikanyamaza. Angekaribishwa, kweli, Pangani hata leo mtu akikosa pantoni ya mwisho hulala kwa mtu. Lakini nilikumbuka usiku wa basi kuharibika Segera, saa nane, mvua, mama na watoto watatu waliniuliza watalala wapi. Niliwaonyesha benchi. Nikaenda kulala gesti ya madereva.

Jioni sili, wale wanyama wa baharini, walianza kulia kwenye fungu la mchanga ng'ambo. Sikuwa nimewahi kuwasikia. Si mlio wa mnyama. Ni kama wanawake wa nyumba ya tatu kutoka hapa wamepata habari ya msiba. Tuliswali Magharibi saa tatu na dakika arobaini, na kijana akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Hii ndiyo saa tatu yako."

Saa nne na dakika thelathini na tano usiku tulivuka. Magari matatu mengine yalikuwa nyuma yetu, sikuuliza yao ilikuwa sababu gani. Lami ilikuwa inang'aa, kaa wanakimbia mbele ya taa, na tulipopita chini ya lile dungu nilifungua kioo nikahesabu ngazi zake, kwa shukrani tu ya kutozipanda.

Berwick tuliipita gizani, mji ambao Waingereza na Waskoti walinyang'anyana mara 13. Mpaka nao ukapita, bendera na maegesho, kijana hakupunguza hata mwendo. Tulishusha godoro Edinburgh tukiwa hatuna nguvu ya kusema. Lilikuwa na chai, mchanga na mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Simu ikalia, dada alikuwa hajalala. Kijana akaweka spika.

"Mmefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo, Mama. Tumeingia sasa hivi."

Kimya kidogo.

"Ya kwako au ya mjomba wako?"